Mpasuko wa Milimita Saba

Kuppammal alichovya vidole kwenye majivu, akaokota ncha ya uzi wa zamani na ncha ya uzi mpya, akazisokota pamoja. Uzi wa mia nne na kumi. Zilibaki elfu tatu na ushee, na mfumaji hagusi mtambo mpaka zote ziungwe kwa mpangilio wake. Miaka thelathini na miwili ameunga nyuzi za hariri hapa Kanchipuram, na hakuna aliyewahi kumkagua.

Leo Ekambaram, mwenye mtambo, alimkagua.

"Mama, ebu acha kwanza. Huu umeuunga na wa jirani yake. Kuanzia hapa zote zimehama. Zote!"

"Naona mbili mbili, bwana. Nikivaa miwani, kila uzi uliosimama una mwenzake. Nikivua, sioni kitu."

"Si ulipasuliwa mtoto wa jicho juzijuzi tu? Ukatutambia utaona kama msichana!"

"Ndivyo walivyoniambia."

Ekambaram alianza kufumua, uzi mmoja mmoja, akisonya. "Nenda leo wakurekebishe. Kesho ukija hivi hivi, namwita Valli akae hapo. Bibi harusi mwenye sari hii hatanisubiri, mama."

Kambi ya matibabu ya bure ya macho ilikuwa kwenye shule ileile walikompasulia. Alipanga foleni toka saa tatu asubuhi, juani, akafikiwa saa nane. Daktari, binti mwenye macho mekundu kwa uchovu, alimmulika.

"Kidonda kimepona vizuri. Ila jicho limepoteza uduara. Mpasuko mpana ukipona hulegeza jicho upande mmoja. Wako ulikuwa milimita saba."

"Kwani kuna mdogo zaidi?"

"Upo. Hata tatu haufiki. Lensi yake, ile ya kuwekwa ndani ya jicho, inakunjwa, inapenya hapo. Lensi ya bure haikunjiki, mama, lazima tuifungulie mlango mpana."

"Mbona sikuambiwa?"

Daktari alizima tochi yake. "Miwani ya kipimo chako itarekebisha. Ya kukatwa kwa ajili yako."

"Basi nipeni hiyo."

Daktari akamtazama karani wa fomu aliyeketi kando. Karani akamtazama Kuppammal kana kwamba kaomba ng'ombe.

"Bibi, sisi tunatoa ya boksi, iliyokatwa tayari. Namba mbili, mbili na nusu, tatu. Chagua."

"Ndiyo hiyo ninayo! Ndiyo inayonipa nyuzi mbili!"

"Nyuzi hazimo kwenye fomu. Ule mstari wa nne ukutani umeusoma? Umeusoma. Basi upasuaji umefaulu." Akamsogezea kidau cha wino. "Dole gumba hapa. Mgonjwa anaona, ameridhika."

"Nimeridhika na nini? Kesho nanyang'anywa kazi yangu!"

"Bibi, usinichoshe. Wafadhili wanataka fomu jioni hii."

Hasira ilimpanda Kuppammal. Daktari alikuwa ameshainamia jicho la mtu mwingine. Kuppammal akakunja dole gumba ndani ya ngumi, ngumi akaificha kwapani.

"Siweki."

"Huweki?"

"Andika ninavyoona. Halafu nitaweka."

Karani alipekua fomu mpaka chini akitafuta pa kuandika hilo. Hapakuwepo. Palikuwa na visanduku viwili tu. Akatia alama kwenye cha pili, akijisomea kwa sauti: "Mgonjwa hakufika."

"Nimefika!" Kuppammal alipaza sauti. "Mimi huyu hapa!"

"Anayefuata," karani akasema.