Mapacha wa Mama Dobi

Mama Dobi hakuwahi kuchanganya nguo ya mtu. Hilo mtaa mzima walikiri, hata wasiompenda, na walikuwepo, maana mwanamke mwenye mdomo kama wake hapendwi na wote. Ulikuwa ukimpelekea shati jeupe likachanganyika na mashati meupe ya watu wengine, yeye ananusa kola tu na kusema, "Hili la mwalimu. Huyu anatafuna karafuu." Ndiyo, alitia alama ya uzi wa rangi kwenye pindo, lakini uzi ule ulikuwa wa kuwatuliza wateja. Mwenyewe hakuuhitaji.

Sasa mtu wa namna hiyo akikwambia aliwachanganya watoto, utamwamini?

Bibi Nyekundu, mmoja wa watoto hao, hakumwamini mama yake hata siku moja. Alikuwa keshazeeka, magoti yanamsumbua, mama mwenyewe kazikwa mwaka jana, na bado jambo hilo lilikuwa limemkaa kooni.

Kisa chenyewe ukoo mzima unakijua. Mama Dobi alikuwa na shoga yake wa kufa na kuzikana, dobi mwenzake, wakifua kwenye karo moja. Wakabeba mimba pamoja, wakajifungua wiki moja, wote wasichana. Shoga akatokwa na damu mpaka roho ikaacha mwili, hana mume, hana ndugu anayejulikana. Mama Dobi akamchukua mtoto, akampa titi la pili. Mumewe, fundi viatu, alipowakuta wawili kitandani alisema tu, "Basi nitaongeza viatu," akaenda zake kazini.

Kwa mazoea ya kazi, mama akawafunga watoto nyuzi mikononi, mmoja uzi mwekundu na mwingine uzi wa buluu. Halafu siku moja, hayo ni maneno yake mwenyewe, nyuzi zikachomoka kwenye beseni la kuogea. Akazirudisha kwa kubahatisha, na tangu hapo eti hakujua tena yupi katoka tumboni mwake. Majina ya utani yakaganda: Nyekundu na Buluu. Watu walimtania mpaka wakachoka. Dobi mzima, shati la mwalimu hulipotezi, unapoteza mtoto?

"Shati lina mwenyewe," aliwajibu. "Hawa wote wangu."

Na kweli aliwalea kwa mizani. Mkate ulikatwa katikati, na akikosea kidogo anakula yeye ile ziada. Mmoja akishikwa na homa, dawa wanakunywa wote wawili, mzima na mgonjwa, wanakunja nyuso pamoja. Ndiyo maana hata baada ya kuolewa, kuzaa na kufiwa na waume zao, walirudi kuishi naye katika nyumba ileile, wakamuuguza mpaka mwisho.

Jumamosi hiyo mjukuu wa Bibi Nyekundu alikuja. Ukoo ulikuwa umepanga kukutana kumkumbuka Mama Dobi, na yeye, kitukuu wake, ndiye aliyepewa kazi ya kuwasimulia watoto maisha yake. Walikaa chumba cha pasi, kwenye ile meza ndefu iliyoungua-ungua. Bibi Buluu alikuwa ametoka kwenda dukani. Bibi Nyekundu akasimulia vizuri tu, mpaka alipofika kwenye beseni akakatiza hadithi.

"Wewe si unafanya kazi maabara?" akauliza.

"Ndiyo, bibi."

"Basi nataka unipime."

"Unaumwa?"

"Siumwi. Nataka nijue kama Mama ndiye aliyenizaa. Nisife nikiwa bado najiuliza."

Mjukuu alimtazama. Akamweleza polepole kwamba inawezekana. Mjomba wao, mdogo wake Mama Dobi, bado yu hai, na mate yake yanaweza kulinganishwa na ya bibi. "Lakini ukijua wewe, na Bibi Buluu atajua."

"Asiambiwe."

"Bibi, humu ndani siri itakaa wapi? Mtu akipiga chafya chumbani, jirani anamwombea afya."

"Nimesema asiambiwe. Ataumia."

"Nani ataumia?"

Bibi Buluu alikuwa mlangoni na kapu lake. Bibi Nyekundu alitamani sakafu ipasuke immeze. Miaka yote hiyo hajamtamkia ndugu yake neno hilo, na sasa limemtoka mbele ya kapu la vitunguu.

Bibi Buluu aliweka kapu chini, akavuta kigoda. "Mpime," akamwambia mjukuu. "Mpime apumzike. Utakuta yeye ndiye wa Mama."

"Umejuaje?" Bibi Nyekundu aliuliza.

"Nimejua tangu utotoni. Unadhani kwa nini nilikuwa naamka kuwasha mkaa wa pasi, giza halijaondoka? Nilijiambia mtoto wa watu asipojituma watamrudisha. Sikujua watanirudisha wapi, lakini niliogopa."

Bibi Nyekundu alimgeukia. "Wewe? Na mimi nilikuwa nakuona pale kwenye mkaa nasema, tazama mtoto wa kuzaliwa anavyojituma, je, mimi wa kuokotwa? Ndiyo nikaanza kuteka maji kabla hujaamka."

"Kumbe ndiyo maana! Mimi nikiyakuta maji yamejaa, kesho naamka mapema zaidi."

Mjukuu akacheka, ikawa ruhusa. Walicheka wote watatu mpaka Bibi Buluu akashika mbavu. Mashindano gani hayo jamani, wasichana wawili wanavizia alfajiri kama wezi, na mama yao anaamka anakuta mkaa unawaka na pipa limejaa, anamshukuru Mungu kwa watoto wasiojua kulala. Lakini kicheko cha Bibi Nyekundu kiligeuka katikati, kikawa kilio.

"Alijua," alisema. "Mama alijua yupi ni wake. Angesema tu. Angalau mmoja wetu angelala."

"Na yule mwingine?" Bibi Buluu aliuliza.

Mjukuu alivitazama vitunguu, kisha akauliza taratibu kama aje na vipimo wiki ijayo au aache.

Bibi Nyekundu hakumsikia. Alikuwa na hasira na mama yake, na alimpenda, vyote kwa pamoja, na mtu mzima yule akasema jambo ambalo tangu utotoni alijiona hana haki ya kulisema.

"Namtaka mama yangu."

Bibi Buluu hakuuliza mama yupi. Alisogeza kigoda chake mpaka magoti yao yakagusana.

"Na mimi," akasema.