Umeme wa Nyimbo Sita

Taa ya kijani ya kompyuta iliwaka, ikapepesa mara mbili, ikazimika. Ilikuwa mara ya nne asubuhi hiyo. Apolline hakuinua macho, maana alijua wanawake kumi na sita wa korale, kwaya ya kanisa, walikuwa wamesimama nyuma yake wakiitazama taa hiyohiyo.

"Imekufa tena?" aliuliza Clotilde, rais wa korale.

"Haijakufa. Inazimika tu."

"Tofauti ni gani?"

"Yenye kufa haiwaki tena, mama."

Mezani, katika kanisa lao dogo la Mabanga, palikuwa na kompyuta isiyo na kioo wala kifuniko: kibao kitupu, ukubwa wa kadi ya uchaguzi. Waya mmoja ulitoka humo hadi kwenye kisanduku cha kuingizia sauti, na kisanduku kilishika mikro mbili za kunasia sauti. Apolline alivikusanya mwenyewe, kimoja kimoja, kutoka kwenye vitu vilivyotupwa na maofisi ya mtaa wa Himbi, akavifufua katika kibanda chake cha kutengeneza simu na redio. Kibandani vyote vilikubali. Lakini kule alijaribu mikro moja tu, akihesabu moja, mbili, tatu, na umeme wa ukutani ulikuwepo. Leo umeme wa mtaa ulikuwa umekatika tangu jana, na kompyuta ilitegemea pawabenki.

Kwenye benchi la mbele alikaa Mama Nyirarukundo, mfuko wake katikati ya miguu. Basi la kwenda Kiwanja, mji wa kwao, lingeondoka saa sita. Kwa miaka mitatu aliyoishi Goma baada ya kukimbia vita, yeye ndiye aliyeanzisha kila wimbo wa korale. Sita kati ya nyimbo hizo hazikuandikwa popote. Alizipata kwa mama yake, wakipukuchua mahindi. Sasa alikuwa anarudi kwenye shamba lake, naye alikuwa na furaha, na hakuna aliyethubutu kumwomba abaki; walimwomba tu aache sauti yake kwenye kompyuta.

Kila Alhamisi jioni mazoezi yao yalipenya ukuta wa mbao wa kibanda cha Apolline. Siku hizo alikuwa ameacha zamani kuwasha redio, ili awasikilize.

"Mama Apo, usijichokeshe," alisema Nyirarukundo kwa upole. "Nimewaimbia ya kutosha."

"Nipe dakika kumi, mama."

Apolline alichomoa mikro moja, akawasha. Taa ikakaa bila kuzimika. Akairudisha, akabonyeza kitufe cha kupelekea mikro umeme. Taa ikazimika. Akatoa kipimo chake cha umeme, akagusisha sindano zake mbili, akasoma namba. Volti nne na nusu, mahali palipotakiwa tano. Kwa mara ya kwanza siku hiyo alitabasamu.

"Haina ubaya. Iko na njaa," alisema. "Kompyuta inakula kwa pawabenki, kisha tunaiambia ilishe kisanduku, na mikro mbili juu yake. Chakula ya mutu mumoja kwa batu bane."

"Basi tupate chakula ingine," alisema Clotilde.

"Njo hivyo," alikubali Apolline.

Mkobani alikuwa na multiprizi ndogo ya USB, kigawio cha matundu kadhaa, yenye tundu lake la kuingizia umeme ubavuni. Kisanduku kingekula hapo, kompyuta ibaki na kazi ya kuhifadhi sauti. Ila hiyo multiprizi nayo ilihitaji umeme wake, nje ya ule wa pawabenki. Wanawake wakatoa simu zao, wakaonyeshana betri zilizokaribia kuisha.

Nje honi ililia. Ni Donat, motari, dereva wa pikipiki ya abiria, aliyekuja kumpeleka Nyirarukundo kituoni. Simu yake ilining'inia kwenye usukani, ikinywa umeme kutoka sharjeri iliyofungwa kwenye betri ya pikipiki. Kutoka mlangoni Apolline aliikazia macho sharjeri hiyo mpaka Donat akajitazama shati, akidhani lina doa.

"Papa Donat, ingiza pikipiki."

"Ndani ya kanisa?"

"Mpaka hapa mezani."

"Na Padri?"

"Padri nitamuongelesha mimi," alisema Clotilde, akafungua milango yote miwili.

Injini ilibidi izimwe, la sivyo ingesikika kwenye nyimbo. Donat aliacha ufunguo umewashwa, taa ya mbele ikamulika altare. Apolline akachomoa waya wa taa hiyo, kwa kuwa ilikula kuliko vyombo vyake vyote, kisha akaunganisha sharjeri na multiprizi. Taa ya kijani iliwaka. Mikro ya kwanza. Ya pili. Kitufe. Taa ikakaa.

Nyirarukundo alisimama kando ya gurudumu la pikipiki, akaanza. Katika ekuteri alizovaa masikioni, Apolline alisikia ulimi ukitoka kwenye kaakaa, pumzi ikivutwa kabla ya kila mstari. Vitu ambavyo mbao za kibanda chake hazikumpa hata Alhamisi moja. Wimbo wa nne waliurudia kwa sababu Donat alipiga chafya. Saa tano na dakika ishirini, wa sita ukaisha.

Donat alibonyeza kitufe cha kuwashia. Tik, basi.

"Mumemaliza betri yangu," alisema. "Ilikuwa tayari muzee. Na pedali ya kuwashia ilivunjika."

Nyirarukundo alikuwa ameshapanda na mfuko wake mapajani. Hakushuka. Wanawake wakakaza vitenge, wakaisukuma pikipiki hadi barabarani, wakaikimbiza kwenye mteremko wa mawe meusi, Apolline akishika chuma cha nyuma. Injini ilikohoa, ikakohoa tena, ikashika. Mama Nyirarukundo akacheka kwa sauti, na pikipiki ikapinda kona.

Walirudi polepole wakihema. Clotilde alianzisha wimbo wa kwanza, ukawa juu mno. Mwingine akaushusha, ukawa chini mno. Wakasimama katikati ya barabara wakibishana, kila mmoja akionyesha kwa kiganja mahali sauti inapotakiwa kukaa: hapa, hapana, hapa. Apolline naye aliinua mkono wake, usawa wa bega, akaushikilia hapo.