Atakayewapokea Helsinki

Alfajiri Mardochée alipiga simu kutoka Helsinki, akamwambia Sylvestre kwamba mkewe, Merveille, hakuamka. Moyo ulisimama akiwa usingizini. Alisema hivyo kwa sauti kavu, na Sylvestre akaitikia kwa sauti kavu vilevile, akakata simu, akaenda jikoni kuosha sufuria iliyokuwa safi.

Fortunée, mke wa Sylvestre, alikuwa dada mkubwa wa Merveille. Tumbo moja, ziwa moja. Hawakuwa wameonana tangu kambi ya wakimbizi, mmoja alipopelekwa Ufini na mwingine akaletwa Birmingham. Wiki ijayo wangeonana: makanisa ya Wakongo wa Ulaya yalikuwa na kongamano Helsinki, na Fortunée ndiye aliyepewa kazi ya kuwaelekeza wasafiri wa huku. Kila alichokijua kuhusu mji ule alikitoa kwa mdogo wake.

Kwao Uvira, habari ya kifo haitolewi na mdomo mmoja. Watu hukusanyika kwanza, mfiwa huketishwa chini, akina mama humshika mabega, ndipo mkubwa wao husema. Mume akiropoka peke yake jikoni, ukoo wa mke hausahau. Watasema alitaka kumuua na yeye. Kwa hiyo Sylvestre alimpigia Mama Jeanne, kiongozi wa akina mama kanisani, naye akaahidi kuja na wenzake akitoka kazini. Kutoka kwao Acocks Green hadi hapa Kingstanding ni mabasi mawili, na mabasi ya mji huu, Mungu ndiye anayeyajua. Mpaka wafike, kazi ya Sylvestre ilikuwa moja tu: kufunga mdomo. Hakusikia huzuni wala hofu. Mwili mzima ulikuwa umekufa ganzi, kama mguu uliokaliwa muda mrefu.

Fortunée alikuwa sebuleni, simu mkononi, akiwarekodia wasafiri ujumbe wa sauti. Ukiwapa Wakongo karatasi, alisema, wanafungia maandazi.

"Bandugu, munisikilize muzuri. Plagi ya hapa UK kule haiingie, mubebe adapta. Maji ya bomba munaweza kunywa, musitupe feza kwa machupa. Saa yao iko mbele yetu na saa mbili, mu-change simu zenu."

Akasimamisha, akamgeukia mumewe. "Baba Emery, unafanya nini na hivyo viti?"

Mwanamume huyu, ambaye hajawahi kuondoa mezani hata glasi aliyonywea mwenyewe, alikuwa ameshatoa viti vyote vya kibanda cha nyuma na kuvipanga ukutani.

"Minafagia tu," alijibu, na fagio hana. Njia ya mwongo ni fupi, na ya Sylvestre haikufika hata mlangoni.

Fortunée akavitazama viti vile, kimoja kimoja, kisha akabonyeza simu tena.

"Ukiingia nyumba ya mutu, utoe viatu, usingoje kuambiwa. Na ndani ya treni musipige makelele, batu ba kule banapenda kimya."

Sylvestre alijua kinachofuata. Siku nyingi alimsikia mkewe akikifanyia mazoezi mbele ya kioo: mkitoka na mizigo mtamwona mama mwenye koti jekundu, huyo ndiye mdogo wangu, mimi ndio nitamkumbatia wa kwanza, msinisukume. Kanisa zima lililijua koti hilo. Alitaka kumzuia asiseme, na hakujua amzuie vipi bila kusema yeye. Akakishika kiti.

"Na pale airport..." Fortunée akavitazama viti tena, kidole bado kiko kwenye simu. "Pale airport hakuna mutu atawapokea. Musingoje. Mufuate alama ya treni, mupande ya I ao ya P, zote zinafika mujini. Mungu awabariki."

Akatuma. Simu ikalia papo hapo, watu wakimshukuru.

"Merveille ananisalimiaka kila asubuhi mbele ya chai," alisema, bila kumtazama mumewe. "Leo hakunisalimia. Na Mardochée amepigia weye, hakunipigia miye."

Sylvestre akafungua mdomo.

"Usiseme, Baba Emery. Usiniambie hapa, tuko babili tu. Acha bakuje."

Alitaka kumshika mkono, lakini hata mkono ungekuwa umesema. Basi wakakaa, yeye kwenye kiti, mkewe kwenye kochi, hawajatazamana, hadi kengele ya mlango ikalia. Akina mama wakaingia na vitenge vyao viunoni, hakuna aliyecheka, hakuna aliyeuliza habari za watoto. Fortunée alishuka mwenyewe sakafuni, akanyoosha miguu. Wawili wakakaa kushoto na kulia, wakamshika mabega.

"Binti yangu," alisema Mama Jeanne, "kuko neno limetufikia kutoka kwa Mardochée."

Fortunée akainua uso, uso wa mtu asiyejua kitu chochote duniani.

"Neno gani, mama?" akauliza.

Kabla Mama Jeanne hajajibu, Sylvestre alikuwa ameshaanza kulia.