Damu Ndani ya Kata

...na bado anaziba, Yeyo, mama mkwe wangu, anaziba tu, majani makavu ya mgomba anayasokomeza kwa kidole gumba kwenye kila ufa wa ukuta, baridi ya Meru haina adabu, anasema, inapita hata pasipopita siafu, nami nimekaa karibu na mafiga, mtoto mapajani, mkononi kata ya kibuyu imejaa damu ya ndama, kunywa, mzazi hurudishiwa damu kwa damu, ndiyo Yeyo, lakini mtoto anapumua kama... hapana, usiseme kama nini, mbavu zinaingia, zinatoka, tundu za pua zimetanuka, na midomo, jana ilikuwa myekundu, leo ni rangi gani ile, labda moshi, macho yangu yamejaa moshi siyaamini... tufungue mlango kidogo, nimesema au nimewaza, nimesema, maana amegeuka, mkono kiunoni, "Ufungue nini? Huko misheni walikufundisha kusoma au walikufundisha kulea?" anacheka, kisha hacheki, "Wangu wa kwanza, kaka yake mumeo, nilimtoa nje siku ya ukungu kama huu. Upepo ukamchukua. Mlango huu haufunguliwi, mwanangu," mwanangu, bora angenitukana, na Lemburis mume wangu hayupo, Wajerumani wamemchukua akawabebee mawe ya boma lao, na hata angekuwepo angesema msikilize mama, nani asiyemsikiliza mama aliyezika... tulia, mtoto wangu, tulia, hata jina hujapewa, nikuite nani ukianza kwenda... yule mwalimu Mjerumani kule misheni ya Nkoaranga alisema ndani ya hewa mna kitu, hakionekani, moto unakila, mtu naye anakila, mapafu yanakipokea na damu inakibeba mpaka kwenye kucha, akakitaja kwa lugha yao, Anyesi mwenzangu akacheka mpaka akafukuzwa darasani, mimi nikakariri tu, nikasifiwa, wala sikuamini, nani amewahi kuona hewa ikibebwa, "Kunywa kabla haijaganda!" nainua kata, naiinamisha, damu inasogea kwenye mdomo wa kata, na ule utando wa juu unapasuka... juu ni nyekundu kama pilipili, chini yake nyeusi, nyeusi ya zambarau, nimeiona tangu utotoni, kila mtu wa huku ameiona, juu inapoguswa na hewa ni nyekundu, chini hewa isikofika ni nyeusi, na hatukuuliza, tulikunywa tu... namtazama mtoto. Midomo yake ni rangi ile ya chini. Ile ile. Na kucha. Ee Mungu, na kucha... na moto huu, Yeyo ameuchochea tangu asubuhi kwa mapenzi yake yote, unakula, unakula tu, unakula hewa sahani moja na mwanangu, na kila ufa anaouziba... lakini nikifungua na upepo ukamchukua? mkono utakuwa wangu, si wa ukungu, si wa Mungu, wangu, na ataniambia nilikwambia, ataniambia maisha yangu yote... "Umemaliza?" Bado, Yeyo, kidogo tu, naye anaokota jani jingine, ananipa mgongo, ufa uliobaki uko kule pembeni, mlango umefungwa, kata imejaa, mbavu zinaingia, zinatoka, kila kitu kama kilivyokuwa, ila nimeshamfunga mtoto kifuani, nimeikunja miguu chini yangu tayari kusimama, atanilaani, na anilaani, ilimradi wewe, mtoto wangu, uwepo usikie.