Pindo la Nusu-Mwezi

"Weka hiyo sindano chini nikuongeleshe kama mtu!"

"Niongeleshe tu. Masikio hayashoni."

"Tangu saa tatu nakuambia kitu moja. Moja! Weka kidole hapa, nipeleke kwa karani, tumalize."

"Nikifika kona."

"Ulisema hivyo kwa ile kona ingine."

"Ile ilikuwa kona ya kwanza. Hii ni ya pili."

Kimeli alishusha pumzi. Alikuwa amechuchumaa mbele ya shemeji yake, karatasi juu ya goti moja na kibweta cha wino juu ya goti jingine, kama mtu aliyekuja kumchanja ng'ombe chanjo na ng'ombe hataki kusimama. Priscah hakumtazama. Alikuwa amekaa juu ya kreti iliyopinduliwa, mgongo umeegemea ukuta wa mabati wa stoo ya mahindi, skafu ya kijivu imejaa mapajani. Sindano ya kroshia ilikuwa mkono wa kushoto, na ilikwenda polepole kwa sababu yeye hakuwa mtu wa mkono wa kushoto.

Ilikuwa Julai ya mwaka wa sitini na saba, baridi ile ya ukungu unaoingia hadi ndani ya mikono ya sweta. Familia hamsini na mbili zilikuwa zimeungana zikanunua shamba la mzungu aliyeondoka upande wa Kesses, na siku hiyo zilikuja kuchagua ploti. Meza ya jikoni ya mzungu ilitolewa nje ikawekwa kwenye nyasi. Juu yake kulikuwa na daftari la majina na debe la maziwa lenye vikaratasi vilivyokunjwa, kila kimoja na nambari yake. Karani aliita nambari na majina kwa mpangilio wa daftari. Ukiitwa, unakwenda, unatia mkono, unatoa nambari, na hapo ilipoangukia ndipo utakapojenga na ndipo utakapozikwa. Asiyeitika, hisa yake inarudi kwa kamati, na kamati inaulizana na ukoo wake.

"Nambari kumi na tisa!" sauti ya karani Wangila ilisikika kutoka mezani. Mtu aliitika, watu wakampigia makofi.

Priscah alikuwa nambari thelathini na moja daftarini. Na shida yote ilianzia kwenye nambari hiyo.

Miaka miwili nyuma, siku ya kuandikisha hisa, Wangila alikaa darasani na daftari jipya. Mwandiko wake ulikuwa mzuri kuliko wa mtu yeyote pande hizo, na kwao kulikuwa Bungoma. Kinandi hakukijua hata cha kuombea maji. Zamu ya Priscah ilipofika, mwenyekiti wa kamati, badala ya kungoja ajitaje, alisema tu jina ambalo kila mtu alimwita, "Huyu ni Bot Chelimo." Bot, yaani mama wa. Wangila hakuuliza. Alichora vizuri: jina la kwanza, Boti; jina la pili, Chelimo.

Siku hiyo watu walicheka hadi wakashika mbavu. Rosebella, jirani yake, alisema karani amemgeuza jirani yake mtumbwi, sasa atafutiwe ziwa. Aliyecheka kuliko wote alikuwa Chelimo mwenyewe. Kwa mwezi mzima alimwita mama yake Boti. "Boti, chai imeiva. Boti, kuku amelala nje." Hakuna aliyeona haja ya kurudi kusahihisha. Nani asiyejua Bot Chelimo ni nani?

Kisha Aprili ya mwaka huu wa sitini na saba Chelimo akashikwa na homa ya mapafu, akalala siku sita, akafa. Alikuwa na miaka kumi na sita.

Tangu hapo Priscah alikuwa akifanya kazi zake zote. Alikama, akapika, akapalilia, akaenda kanisani akasimama watu waliposimama. Mikono ilifanya, yeye akaitazama kama mikono ya kibarua aliyeajiriwa na mtu mwingine. Watu walisema ni mama mwenye moyo mgumu. Yeye hakusema chochote, kwa sababu hakuwa na habari za moyo wake, mgumu wala mwororo.

Skafu hii haikuwa yake wala ya Chelimo. Ilikuwa oda ya Nyaguthii, mwanamke aliyeuza nyuzi za sweta sokoni Eldoret. Alitaka skafu ya kijivu yenye vinundu, vile vifundo vinavyovimba kama punje za mahindi machanga, na pindo jeupe la nusu-mwezi pande zote. Chelimo alimaliza vinundu, pindo likabaki. Nyaguthii alituma ujumbe kwamba hana haraka, na mwezi wa tatu baada ya mazishi akatuma mwingine kwamba mteja wake mwenye skafu anauliza. Ndipo Priscah akaitoa kwenye kikapu.

Alidhani ni kazi ya jioni mbili, lakini aliifumua mara tatu. Chelimo alikuwa mtu wa mashoto. Shuleni walimchapa mpaka akaandika kwa mkono wa kulia, lakini kwa sindano ya kroshia walishindwa. Priscah alipomfundisha, hakumkalisha kando yake kama mama wengine wanavyofanya. Alimkalisha mbele yake, magoti kwa magoti, ili mtoto afuate kama anayejitazama kwenye kioo. Kwa hiyo mishono ya mama ililalia huku na ya mtoto ikalalia kule. Ukitia pindo la mkono wa kulia kwenye vinundu vya mkono wa kushoto, skafu inakuwa kama watu wawili waliogombana wakapeana visogo. Mnunuzi hangejua kasoro ni nini, lakini angeona kuna kitu. Priscah hakupenda kazi mbovu. Akahamisha sindano.

Nusu-mwezi mmoja ni mishono mitano ndani ya tundu moja. Ruka mawili, finya chini, anza mwingine. Kwenye kona, mishono saba, la sivyo kona inajikunja kama sikio la mbwa.

"Nambari ishirini na mbili!"

"Sikiza," Kimeli alisema, sasa kwa sauti ya chini. "Mimi sili mali ya mtu. Lakini kitabu kinasema nini? Kinasema Chelimo. Hakisemi wewe. Na yule..." Alisita. "Yule mtoto hayuko. Mali ya mtoto inarudi kwa nyumba ya babake. Babake ni ndugu yangu, na ndugu yangu pia hayuko. Amebaki nani?"

"Wewe."

"Si ndiyo! Na kuna ingine. Hilo jina, wazee wameshamwambia karani asilitaje. Mtu hajamaliza mwaka chini ya udongo, huwezi kusimama mbele ya watu, juu ya ardhi mpya, ukaliita. Kwa hivyo ataruka. Akiruka, kamati inachukua. Unataka kamati ichukue?"

"Sitaki."

"Basi weka kidole mimi niitike. Nitakukatia pahali pa sukuma wiki na kuku wako."

"Nimesema nitaweka. Nikifika kona."

Na alikuwa anasema kweli. Hakuwa akimkatalia. Kimeli ndiye aliyemteremsha Chelimo kaburini kwa mikono yake, mvua ikinyesha, na alikuwa na vijana wanne wa kiume na shamba la urithi lisilotosha mbuzi kugeuka. Acha achukue. Ekari saba za nini kwa mtu mmoja? Priscah aliliwaza jambo hilo na halikumuuma popote, kama unavyobonyeza jino lililotiwa dawa.

"Kimeli, wewe!" Rosebella alipaza sauti kutoka kwenye gogo alipokaa na thermosi yake. "Wacha ku-disturb watu. Wacha Mama... wacha Mama wa... wacha huyu mama ashone."

"Kunywa chai yako, Rosebella. Hii ni maneno ya ukoo."

"Ukoo gani wa kumkalia mtu magotini na wino? Unataka kumpaka rangi?"

Watu wawili watatu walicheka. Priscah alihesabu saba, akageuza kona. Kona ililala bapa. Akauchomeka uzi, akakunja skafu, akaiweka kwenye kikapu mbali na wino.

"Leta," alisema.

Kimeli alifungua kibweta upesi kabla Priscah hajabadilisha nia. Alimshika dole gumba, akalikandamiza kwenye wino, akalitoa jeusi.

"Ngoja. Nisomee kwanza."

"Kusoma nini? Si nimekueleza?"

"Nisomee, Kimeli. Kidole ni changu."

Kimeli alisoma haraka haraka. "Mimi, mke wa marehemu Jackson Kipkemboi, nimekubali kwa hiari yangu kwamba shemeji yangu Kimeli..."

"Jina langu liko wapi?"

"Si hilo. Mke wa marehemu Jackson."

"Hilo ni jina la Jackson."

"Sasa ningeandika nini?"

Priscah alimtazama kwa mara ya kwanza tangu asubuhi. Dole lake jeusi lilikuwa limesimama hewani, halina pa kushika, wala sindano wala sketi. "Andika vile unaniita. Ukikuja kwangu, ukiwa mlangoni, unaita nani?"

"Naita... nasema hodi."

"Zamani. Miaka kumi na sita ulikuwa unaita nani?"

Kimeli alifungua mdomo. Alitazama wazee waliokaa karibu na meza, akaufunga. "Priscah," alisema mwishowe, na lilitoka kama kitu alichookota njiani. Hakuwahi kumwita hivyo maishani. Priscah lilikuwa jina la cheti cha ubatizo.

"Si hilo."

"Mama, tafadhali. Tunachelewa."

Ndipo Priscah akaelewa kitu ambacho miezi mitatu kilikuwa mbele yake bila yeye kukiona. Rosebella huita "Mama wa hapa." Pasta husema "dada yetu." Kisimani wanawake humgusa bega badala ya kumwita. Kimeli husema "wewe." Walidhani wanamhurumia. Walikuwa wamemzika mtoto, na kwa adabu zao zote wakamzika na mama hapo hapo, na yeye alikuwa amelala tu wakimwagia udongo.

Hakulia. Aliona tu kwamba ni hivyo, kama unavyoona kwamba mvua imeacha.

"Nambari thelathini!" Wangila aliita. "Murunga!"

Murunga alikimbia, akatoa kikaratasi, akakiinua juu. Makofi. Wangila aliandika, akachovya kalamu, akarudisha macho kwenye daftari. Kidole chake kilisimama kwenye mstari. Alikohoa. Alimtazama mwenyekiti, na mwenyekiti akatazama nyasi.

"Nambari thelathini na mbili," alisema Wangila. "Ouma..."

"Umeruka," Priscah alisema.

Alikuwa amesimama. Kimeli alimshika mkono wa sweta. "Kaa chini, utatuaibisha."

"Niachilie, una wino."

Alipita katikati ya watu mpaka mezani. Wangila alivua kofia, akiwa hana cha kufanya na mikono yake. "Mama, samahani. Si mimi. Niliambiwa hii jina isitajwe."

"Nani ameandikwa hapo?"

"Imeandikwa Boti... nanii."

"Uliandika vibaya. Boti si jina la mtu." Alizungumza bila kupandisha sauti, kama anayeeleza njia ya kwenda posta. "Bot ni mama wa. Hakuna mtu wa hisa hii aliyekufa. Aliyekufa ni mtoto. Mama yake ndiye huyu."

"Shemeji yake anasema..." mwenyekiti alianza.

"Mzee, wewe ndiye uliyemwambia karani jina langu. Siku ile ulisema nani?"

Mwenyekiti alijikuna shingo. "Nilisema vile tulikuwa tunakuita."

"Basi niite."

Mzee alijikuna shingo tena. Nyuma kabisa Rosebella akasema, "Lakini nyinyi wanaume!" lakini naye hakulitaja. Wanawake wawili wa makamo waligeuza nyuso pembeni, kama mtu anayejikinga na upepo. Hakuna aliyetaka kuwa wa kwanza kulitia lile jina kinywani.

Priscah aliona watakaa hapo mpaka jioni.

"Nambari thelathini na moja," aliita yeye mwenyewe, kwa sauti iliyofika kwenye miti ya miwati ng'ambo ya ua. "Bot Chelimo!"

Akangoja kidogo, kama inavyopaswa.

"Niko," akajibu.

Akatia mkono ndani ya debe la maziwa, akatoa kikaratasi, akakikunjua, akakiweka juu ya daftari mbele ya Wangila.

"Kumi na nne," alisema. "Andika."

Wangila akaandika.