Ukanda Mwembamba

Mwinjuma, fundi baiskeli wa Mazimbu, ana mikono mizuri, hilo hakuna anayebisha. Tatizo ni mdomo. Mdomo ule hauna breki, na siku mzee Alois alipoleta gurudumu lake la nyuma kwa mara ya tano, ulimtia aibu ambayo mpaka leo hajaimaliza.

Alois alikuwa mkulima wa kabichi huko mlimani, juu ya Bigwa. Tangu Mwinjuma ambadilishie spoki, tyubu ilikuwa haimalizi wiki bila pancha. Kila akija, Mwinjuma alibandika kiraka harakaharaka, akajaza upepo huku akiwachekesha wateja waliokaa kwenye benchi. Mara ya tatu akasema, "Mzee, wewe una adui. Kuna mtu anakutegea miba njiani." Benchi zima likacheka. Alois hakucheka.

Safari hii benchi lilikuwa tupu. Mwinjuma akailaza tyubu juu ya gurudumu, valvu mahali pake, apate kuona pancha ya leo iko wapi. Akaiona. Akaviona na viraka vinne vya zamani. Vyote vilikuwa upande wa ndani, ule unaolalia rimu. Sasa mwiba gani huo unaotokea ndani ya rimu? Akapapasa kwa kidole. Ukanda wa mpira unaofunika vichwa vya spoki ulikuwa umekwenda pembeni, vichwa viko nje, vikali. Ukanda huo aliukata yeye mwenyewe, kutoka tyubu ya baiskeli nyembamba, kwa kuwa ndiyo iliyokuwa karibu na mkono wake. Rimu ya Alois ilikuwa pana. Uvivu mtupu, basi.

Akachagua mpira mpana, akaukata, akatoboa tundu la valvu, akauvuta mpaka ukakaza na kulala ukingo kwa ukingo. Kazi ya dakika kumi. Angeweza kunyamaza, na Alois angeondoka akishukuru.

"Vipi, ni miba tena?" Alois akauliza.

"Kwani ulimpata anayekutegea?" Mwinjuma alijaribu kutania.

"Nilimpata. Jirani yangu Wilfred, kwake ndiko kwenye ua wa miba. Sisemi naye tangu uliponiambia. Juzi amemzika mama yake. Sikwenda."

Masikio ya Mwinjuma yakawaka moto. Jamani, kukosa kumzika mama wa jirani, kwa utani wake yeye! Alitamani ardhi ipasuke immeze. Akauokota ule ukanda mwembamba, akampa Alois.

"Nisamehe, mzee. Hakuna miba. Nilikuwekea ukanda usiotosha, nikakuzulia adui."

Alois akautia ule mpira mfukoni. "Funga kibanda," akasema. "Utakwenda kumwambia Wilfred mwenyewe."

Wakapanda mlima, Alois amelibeba gurudumu begani. Wilfred walimkuta amekaa uani kwenye mkeka wa msiba.

"Shikamoo, mzee. Pole na msiba," Mwinjuma akasema.

"Marahaba. Nimeshapoa. Ndiye wewe fundi wa Mazimbu? Karibu. Kabla hajaninunia, Alois alikuwa akitutambia hapa kwamba amepata fundi asiyejua kudanganya."

Heri angempiga kofi. Mwinjuma akaeleza yote, macho chini: ukanda, rimu, benchi, kicheko. Wilfred alimsikiliza mpaka mwisho. Akamgeukia Alois.

"Miaka thelathini tunapakana mashamba. Watoto wako wote wanne walipokelewa na mikono ya mama yangu. Yakakutosha maneno ya mtu wa baiskeli?"

Mwinjuma alibaki amesimama, hakuna aliyemwambia akae. Alois akavua kofia, akaikunjakunja mikononi.

"Nionyeshe mlipomlaza," akasema.