Sakafu Ilipoinuka

Mwanangu Enock alizituma zile mbao kutoka Geita, kwa lori lililokuwa linakuja huku Kishapu kuchukua pamba. Yeye ni kibarua wa ujenzi, na mbao zilibaki kwenye nyumba ya mnunuzi mmoja wa dhahabu, akapewa. Si mbao za kupigilia misumari. Ni vipande vyembamba vya sakafu, vya kupachikana. Kimoja kina ulimi, kingine kina mfereji, vinabanana.

"Mayu, usiziguse," aliniambia kwenye simu. Hata akiongea Kiswahili bado ananiita mayu, mama, kwa Kisukuma chetu. "Nakuja mwenyewe, tutazipanga wote."

Hilo neno "wote" nililishika. Baba yake tulishamzika. Dada yake Martina ameolewa Kharumwa, ana mkwe mgonjwa wa kuuguza. Mimi nimebaki na kuku. Enock mara ya mwisho kufika nyumbani mwanawe Nelly alikuwa wa kubebwa mgongoni, na sasa Nelly anasoma shule. Basi nikahamisha vitu vya chumba cha mbele, nikaifagia saruji, nikangoja.

Pamba ikaisha kuvunwa, ikauzwa yote. Enock akasema bosi hajamruhusu. Mara nyingine akasema mtoto anaumwa. Siku moja nikainua boksi la chini la zile mbao, nikakuta mchwa wameanza kulila.

Nikamwita jirani yangu, Mama Wiliam. Akatazama, akacheka.

"Mama Enock, wewe unamngoja mwanao. Mchwa wenyewe wameshafika."

"Alisema nisiguse."

"Basi waambie na mchwa wasiguse."

Nikafungua maboksi. Ndani mlikuwa na karatasi ya picha tupu. Mimi niliishia darasa la nne, lakini picha haina darasa. Kwanza unatandika sponji nyembamba chini, halafu unaanzia ukutani. Unashika kipande kwa kukiinamisha, unaingiza ulimi kwenye mfereji, unakilaza polepole mpaka kiseme ka! Kikigoma hukipigi chenyewe. Unakiwekea kigogo pembeni, unagonga kigogo. Maungio hayafuatani, ni kama matofali ya ukutani. Ukifika mwisho wa mstari unakata kwa msumeno. Magoti yaliniuma. Nilikuwa nikilaza mstari napumzika, nawasemesha kuku pale mlangoni, halafu narudi chini.

Picha zilionyesha vijiti kati ya mbao na ukuta, nami nikaviweka. Nilipomaliza nikavitoa, ikabaki nafasi ya kuingiza kidole, kuzunguka chumba kizima. Sasa nani huku kwetu anaacha sakafu haijafika ukutani? Nge si ndiyo njia yake hiyo? Nikaleta udongo wa kichuguu, nikauponda, nikaukanda, nikaziba pande zote kama tunavyoziba siku zote. Nikaulainisha kwa kiganja. Ulipokauka ukawa mgumu kama jiwe, pakapendeza.

Jua la kwetu likapiga bati mchana kutwa, kesho yake tena. Sakafu ikainuka katikati kama mgongo wa ng'ombe aliyelala.

Nikampigia Enock.

"Mayu, uliacha nafasi ukutani?"

"Nimeiziba."

"Kwa kitu gani, saruji?"

"Udongo wa kichuguu."

Alicheka mpaka akakohoa. "Hizo mbao zikipata joto zinatanuka! Umezinyima pa kwenda, zimepanda juu. Usifanye kitu tena. Sasa nakuja kweli, niukwangue huo udongo."

Nifiche nini? Nilifurahi. Mbao zimeharibika, mwanangu anakuja. Nikawa napita pembeni ya ile nundu kama mtu anayempisha mgeni. Nikanunua mchele. Mtu akataka kununua jogoo wangu mwekundu, nikamwambia huyu ana kazi.

Enock hakuja. Wiki zikapita, Mama Wiliam akaja akasimama mlangoni.

"Hii nundu unaifuga?"

"Namngoja Enock aje akwangue udongo."

"Udongo? Mikono yako imekatika?" Akaniangalia usoni, akaacha kucheka. "Unaogopa ukiilaza hatakuja."

Nikawafukuza kuku mlangoni. Akaniambia tu, "Haya, shoga yangu," akaenda zake.

Nikakaa pale kwenye kigoda. Mchana ulikuwa mkali, mbao zikawa zinalia, kra, kra. Nikasogea, nikaona pale juu ya nundu ulimi mmoja umeanza kupasuka. Nikasema moyoni, ninaivunja zawadi ya mwanangu ili mwanangu aje. Na akija, atakuwa amekuja kutazama mbao.

Nikachukua kisu cha jikoni. Nikapiga magoti, nikaukwangua udongo wote, ukuta kwa ukuta, vumbi likanijaa puani. Joto lilipopungua jioni, nundu ikashuka yenyewe, kimya kimya. Nikaikanyaga. Imelala.

Nikampigia tena.

"Sakafu imelala, mwanangu. Nimekwangua mwenyewe."

"Kweli, mayu?" Nikasikia anashusha pumzi. "Aa, umenisaidia sana. Hata sikujua ningepata lini nafasi."

"Haya."

"Basi vizuri."

Alikuwa anataka kuaga. Nikamwahi, nikasema neno ambalo sijawahi kumwambia tangu aondoke.

"Enock, njoo."

"Kuna nini tena kimeharibika?"

"Hakuna kilichoharibika."

Huko aliko bodaboda zilikuwa zinapita, mtu mmoja anaita abiria kwa sauti.

"Sasa nije kufanya nini, mayu?" Aliuliza taratibu, si kwa ubaya.

"Kukaa," nikamwambia. "Uje ukae na mimi."

Simu hakuikata, na mimi sikuikata.